Anayeandika Programu za Ndege Aijue Ndege

Kati ya mwaka 1979 na 1983 makao makuu ya shirika la ndege la American yalikuwa Grand Prairie, mji wa Texas ulio katikati ya Dallas na Fort Worth, kusini ya uwanja wa ndege wa DFW. Shirika lilikuwa limehama New York, likakodi ofisi hapo kabla ya kuhamia majengo yake ya Fort Worth. Ni katika miaka hiyo ya kukodi, tarehe 1 Mei 1981, ndipo lilipozindua AAdvantage, mpango wa kuwalimbikizia maili wasafiri wa mara kwa mara, ambao mashirika mengi duniani yameuiga. Majina ya wanachama wa mwanzo yalichambuliwa kutoka Sabre, mfumo wa kompyuta wa kubuku nafasi, kwa kusaka namba za simu zilizojirudia katika safari nyingi. Kanuni ya kusaka namba inayojirudia ni rahisi, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuiandika. Kilichohitaji akili ni kujua kwamba karani wa tiketi huandika namba ya simu katika kila buking, na kwamba mteja anayerudi huacha namba ileile. Aliyejua hayo alikuwa ameshajifunza biashara ya ndege, na kompyuta ikamsaidia kuitumia elimu hiyo.

Naanza na jambo hilo kwa sababu vijana wengi wa Afrika Mashariki waliosomea kompyuta na kuishi Grand Prairie, Arlington, Irving au Houston huomba kazi za teknolojia katika mashirika makubwa ya ndege wakidhani ni kazi ya ofisini kama nyingine yoyote: seva ni seva, data ni data, iwe benki, hospitali au ndege. Nasema si hivyo. Katika shirika kubwa la ndege, mtu wa kompyuta ni mfanyakazi wa ndege sawa na fundi na mpanga ratiba, na thamani yake huonekana zaidi siku mambo yanapoharibika. Shirika likilisahau hilo, hasara yake huhesabiwa kwa mamilioni ya dola.

Historia yenyewe inaonyesha hivyo. Katika miaka ya 1950 kubuku nafasi moja kwa kadi na simu kuliweza kuchukua dakika 90. Mwaka 1953 rais wa American, C. R. Smith, alikutana ndani ya ndege na ofisa mauzo wa IBM, R. Blair Smith, na mazungumzo yao ndiyo yaliyozaa Sabre, iliyoenea katika shirika zima kufikia mwaka 1964. Tangu hapo kiti kilichopo ni kile kompyuta inachosema kipo. Ile namba ya buking yenye herufi na tarakimu sita, anayoiona msafiri wa Dar es Salaam au Nairobi kwenye tiketi yake, inatokana na ukoo huo wa mifumo. Uwezo wa mifumo hiyo ulikuwa mkubwa hata serikali ya Marekani ikaingilia kati mwaka 1984, kwa sababu mashirika yaliyomiliki mifumo hiyo yalikuwa yakizipanga safari zao juu ya skrini za mawakala, na wakala hupenda kuuza kilicho mstari wa kwanza. Mpangilio wa mistari kwenye skrini ulikuwa umegeuka silaha ya ushindani.

Hata hivyo tiketi ndiyo sehemu nyepesi. Ugumu uko kwenye kupanga marubani na wahudumu wa ndege, na hapa inafaa tusogee karibu tuone kazi yenyewe. Chukua safari moja iliyofutwa Denver kwa sababu ya theluji. Abiria wanajulikana walipo: wamepanga foleni. Lakini rubani wa safari hiyo alitakiwa kuruka nyingine saa tatu baadaye kutoka Phoenix, na sasa hayupo Phoenix. Wa kumbadili lazima awe na leseni ya aina ileile ya ndege. Lazima awe amepumzika saa 10 kabla ya kuanza zamu, kama sheria za Marekani zilizoanza kutumika Januari 2014 zinavyotaka. Zamu yake isivuke kikomo, na mkataba wa chama cha marubani una masharti yake juu ya hayo. Kisha wahudumu nao wana sheria zao na mkataba wao. Zidisha safari hiyo moja kwa mamia ndani ya asubuhi moja, kila jibu likibatilisha jibu la dakika kumi zilizopita, ndipo utaelewa ni programu ya namna gani inayotakiwa.

Southwest, yenye makao Dallas jirani na uwanja wa ndege wa Love Field, ilipatwa na hayo hasa Desemba 2022. Dhoruba ya theluji iligonga Denver na Chicago, vituo vyake vikubwa. Programu yake ya kupanga upya wafanyakazi ilizidiwa na mabadiliko, ikawa inatatua matatizo ambayo tayari yalikuwa yamepita. Marubani na wahudumu walikaa kwenye simu kwa saa nyingi ili tu waeleze wapo mji gani, kwa kuwa kompyuta haikujua. Ndege zilikuwepo na watu wa kuzirusha walikuwepo, ila kuwakutanisha hakukuwezekana. Safari zaidi ya 16,000 zilifutwa, abiria zaidi ya milioni 2 wakakwama katika msimu wa Krismasi, na mwaka uliofuata Wizara ya Uchukuzi ya Marekani ikalitoza shirika hilo faini ya dola milioni 140. Vyama vya wafanyakazi vilikuwa vimelalamikia mifumo hiyo kwa miaka, na wiki chache tu kabla ya dhoruba shirika lilikuwa limetangaza kurudisha gawio kwa wenye hisa. Kwangu huo ndio ushahidi mzito kuliko wote: onyo lilikuwepo, lilitoka kwa watu wa kazi, lakini halikupewa uzito wa fedha.

Kuna atakayesema kosa lilikuwa la theluji. Theluji ile iliwapiga wote, na kwa siku mbili tatu wote walifuta safari. Lakini kufikia tarehe 26 na 27 Desemba washindani walikuwa wamesimama, ilhali Southwest ilikuwa bado inafuta zaidi ya nusu ya ratiba yake. Tarehe 19 Julai 2024 yalijirudia kwa sura nyingine: sasisho bovu la programu ya usalama ya CrowdStrike lilizima kompyuta za mashirika kadhaa asubuhi moja. American ilirejea hali yake upesi, Delta ikafuta safari zipatazo 7,000 kwa siku tano, na kilichoizuia kusimama kilikuwa, tena, mfumo wa kufuatilia wafanyakazi wa ndani ya ndege. Chanzo cha vurugu huwa kimoja kwa mashirika yote. Kasi ya kujinasua kila moja lina yake, na kasi hiyo hutegemea mifumo na watu wanaojua kipi kiwashwe kwanza.

Kulinganisha miunganiko miwili kunaonyesha elimu hiyo inavyofanya kazi. United ilipoungana na Continental ya Houston, ilihamishia mfumo wake wa abiria kwenye ule wa Continental kwa mpigo mmoja, tarehe 3 Machi 2012. Mashine za kujihudumia uwanjani zikagoma, foleni zikafurika, wateja wakalalamika kwa miezi. American ilipoungana na US Airways ilichagua siku ya Jumamosi, 17 Oktoba 2015, lakini ikaanza takriban siku 90 kabla: safari za US Airways za baada ya tarehe hiyo zilihamishiwa mapema kwenye Sabre, hivyo siku ilipofika buking za kuhamisha kwa pamoja zilikuwa chache. Uamuzi huo unategemea kujua jinsi buking zinavyojikusanya kadiri siku ya safari inavyokaribia. Aliyeongoza idara ya teknolojia ya American wakati huo, Maya Leibman, alikuwa amewahi kuongoza AAdvantage, yaani alishaijua biashara ya abiria. Siamini kwamba ni bahati.

Hoja yenye nguvu zaidi dhidi yangu ni kwamba haya yote hununuliwa. Sabre yenyewe ilitengana na American mwaka 2000 na leo ni kampuni inayojitegemea Southlake. Southwest ilihamishia tiketi zake za ndani ya nchi kwa Amadeus, kampuni ya Ulaya, mwaka 2017. Programu ya kupanga wafanyakazi iliyoshindwa 2022 nayo ilitoka nje. Kwa nini basi shirika liajiri maelfu ya wataalamu? Kwa sababu muuzaji huuza chombo, naye hana mkataba wako na marubani wala hajui msimu wako. Novemba 2017 American iligundua kwamba mfumo wake wa kupangia marubani ulikuwa umewaruhusu wengi mno kuachia safari za nusu ya pili ya Desemba. Kwa hesabu ya chama chao, zaidi ya safari 15,000 hazikuwa na rubani. Mfumo haukuzimika wala kutoa onyo jekundu. Ulikuwa ukifanya kazi kimyakimya, ukikosea. Shirika lilijiokoa kwa kuwaahidi marubani malipo ya mara moja na nusu na kwa makubaliano na chama. Kosa la namna hiyo halikamatwi na mkataba wa huduma. Hukamatwa na mtu aliye ndani, ambaye akiona nusu ya pili ya Desemba ina marubani wa akiba wa kutosha hushtuka badala ya kufurahi.

Upo pia ubishi wa mshahara: kwamba kampuni kubwa za teknolojia hulipa zaidi na zana zake ni mpya. Ni kweli mara nyingi, na anayetaka zana mpya kuliko kitu kingine aende huko. Lakini mtu wa Grand Prairie anazo American Fort Worth, Southwest Dallas na Sabre Southlake, zote ndani ya mwendo wa saa moja kwa gari, na kujua sheria za mapumziko ya marubani au safari ya mzigo kutoka kaunta hadi tumbo la ndege kunauzika kwa waajiri wote watatu. Kuhusu tiketi za bei nafuu za wafanyakazi, ambazo wengi huzitaja kwanza, nashauri tahadhari: mwenye nazo husafiri kwa nafasi iliyobaki, na Julai na Desemba, miezi watu wanayotaka kwenda nyumbani, ndege hujaa. Mwenye msiba Mwanza au Kisumu asizitegemee. Hiyo hiyo Desemba ndiyo mwezi wa kukaa zamu usiku, na ni halali mwombaji kuuliza kwenye usaili, kabla ya kuuliza mshahara: mfumo wa kupanga marubani ukianguka saa nane usiku, anapigiwa nani, na je, mtu huyo amewahi kukaa siku nzima kwenye chumba cha kuongozea safari?