Viazi Gizani, Vitunguu Penye Hewa: Tutunze Chakula Tulichonunua kwa Jasho

Mwezi huu tunaingia jikoni. Tunataka kuongea juu ya viazi mviringo, vitunguu na saumu: namna ya kuviweka ndani ya nyumba ndogo, bila friji, visituharibikie.

Kwa nini tumechagua jambo hili? Kwa sababu ya pesa. Tangu mgao ulipopunguzwa mwaka 2023 hapa Tanzania, kila mama anajua uzito wa shilingi moja. Ndiyo maana majirani wengine wanachanga pesa na kununua gunia zima, maana bei ya jumla ni nafuu kuliko ya mafungu sokoni. Ni akili nzuri. Lakini tupige hesabu kidogo. Gunia la kilo 100 likigawanywa nyumba tano, kila nyumba inapata kilo 20. Kilo 5 zikioza pale kwako, robo ya pesa yako imeingia kwenye shimo la taka. Hapo faida ya kununua pamoja iko wapi?

Huku si kama kule milimani

Wengi wetu tulikulia kwenye baridi. Wale wa milima ya Uvira na Minembwe, na wale wa Mwaro au Kayanza kule Burundi, wanajua kwamba kiazi kilikaa muda mrefu nyumbani bila shida. Baridi ya milima ndiyo ilikuwa friji yetu. Hapa Kigoma joto ni jingi zaidi, na nyumba ya turubai inawaka mchana kama jiko.

Tena kiazi na kitunguu, hata baada ya kung'olewa shambani, bado viko hai. Vinapumua na vinatoa jasho. Joto likizidi vinachoka upesi, vinanyauka na kuchipua. Maji yakivigusa vinaoza. Vingi vinafika kwetu baada ya safari ndefu ya lori, na njiani vimegongwa. Kwa hiyo kazi ya kwanza siku ya kununua ni kuchambua. Vilivyokatwa au kuchubuka, pika wiki hiyo hiyo. Vizima ndivyo viwekwe akiba. Na usivioshe kabla ya kuviweka! Kung'uta udongo tu kwa mkono au kitambaa kikavu. Kuosha ni siku ya kupika.

Viazi: giza na ubaridi

Mahali pazuri pa viazi ni uvungu wa kitanda, au kona ya nyumba isiyopigwa na jua, mbali na mafiga. Panga matofali, weka mbao au vijiti juu yake, halafu kikapu au gunia la katani. Visikae chini moja kwa moja, maana udongo unapanda na unyevu, hasa wakati wa mvua. Funika kwa gunia kuukuu ili mwanga usipite lakini hewa ipite. Mfuko wa plastiki hapana: jasho la kiazi linabaki ndani na kesho yake kuna harufu.

Kwa nini giza? Hapa tunaomba wazazi wasome kwa makini. Kiazi kikikaa kwenye mwanga kinageuka kijani. Rangi ile yenyewe haina ubaya, ila ni alama kwamba ndani sumu inayoitwa solanini imeweza kuongezeka. Sumu hiyo iko nyingi kwenye ganda, kwenye sehemu za kijani na kwenye machipukizi. Inaleta kichefuchefu, kutapika, tumbo kuuma na kuharisha, na watoto wanaumia haraka kwa sababu miili yao ni midogo. Wengine wanasema, "Nitachemsha sana, itaisha." Haiishi. Kuchemsha na kukaanga haviiondoi.

Basi tufanye hivi: kiazi chenye kijani kidogo, menya ganda nene, ondoa kijani chote pamoja na macho. Kiazi kilichokuwa kijani sehemu kubwa, au chenye ladha chungu, tupa. Usimpe mbuzi wala sungura, naye atadhurika. Kilichochipua na bado ni kigumu unaweza kukipanda kwenye bustani ndogo nyuma ya nyumba.

Kitunguu: ukavu na upepo

Kitunguu hakisumbuliwi na mwanga kama kiazi. Adui yake ni unyevu. Kabla ya kukiweka, shika shingo yake: kama bado ni laini na mbichi, kianike kivulini penye upepo siku kadhaa mpaka shingo ikauke na ganda la nje lilie kama karatasi. Halafu tia kwenye mfuko wa wavu, ule ule wa sokoni, au kikapu chenye matundu, na uning'inize kwenye nguzo. Usiuning'inize juu ya chungu, mvuke utaulowesha, wala usiugusishe turubai lenye joto.

Jambo moja watu wengi hawalijui: kitunguu na kiazi havipendi kulala pamoja. Kiazi kinatoa unyevu, na kitunguu kikiupata kinaanza kuoza. Kimoja kiwe chini gizani, kingine juu penye hewa. Hata kwenye chumba kimoja inawezekana.

Saumu: kichwa kizima, na tahadhari ya mafuta

Saumu inakaa vizuri kama kichwa ni kizima. Ukishakibandua, punje zinakauka au zinaota ukungu upesi. Kwa hiyo maliza kichwa kimoja ndipo ufungue kingine. Kama saumu ina majani yake makavu, zisuke kama nywele na uzitundike karibu na vitunguu. Hivyo viwili vinapatana.

Ila tunaonya: wako wanaotwanga saumu mbichi, wanaitia mafuta kwenye chupa na kuiacha mezani wiki nzima. Hiyo ni hatari. Ndani ya mafuta hewa haiingii, na kuna kijidudu cha udongoni kinachopenda mahali pa namna hiyo. Kinatengeneza sumu inayoleta ugonjwa wa botulismu, na mara nyingi hutaona dalili kwa harufu wala ladha. Mtu anaanza kuona vitu viwili-viwili, ulimi unakuwa mzito, kisha anapumua kwa taabu. Mgonjwa wa namna hiyo akimbizwe hospitali mara moja. Twanga saumu ya leo, ya kesho itwange kesho.

Kitunguu au saumu iliyochipua haina sumu kama kiazi. Ikiwa bado ngumu na haina ukungu, pika tu, na majani yake mabichi tia kwenye mboga.

Kazi ya watoto

Tunashauri kila nyumba ichague siku moja ya juma kwa ukaguzi. Wape watoto kazi hiyo: wamwage viazi, wanuse, wabonyeze, watenge kibovu. Kimoja kilichooza kinalowesha jirani yake, naye analowesha mwingine, mwisho gunia zima linanuka. Watoto wafundishwe pia kutoweka vyakula hivi karibu na mafuta ya taa au sabuni, wala kunyunyizia dawa ya wadudu. Panya wazuiwe kwa kufagia na kufunika, si kwa sumu kando ya chakula.

Mwisho, majirani mnaonunua gunia pamoja, kabla ya kuchanga ulizaneni: kila nyumba inamaliza kilo ngapi kwa wiki mbili? Kwa joto la huku, huo ndio muda mzuri wa kupanga. Afadhali gunia dogo mara mbili kwa mwezi kuliko gunia kubwa linaloishia shimoni.

Tuwatakie upishi mwema. Mwenye njia yake nzuri ya kuweka chakula asikae nayo peke yake, awafundishe majirani.