Mama akivunjika mkono, plasta peke yake haitoshi

Ndugu msikilizaji, wiki hii nataka tuzungumze juu ya mifupa ya mama zetu, hasa wale waliokwisha kukoma hedhi. Wengi wetu tunaoishi mjini tumewaacha vijijini. Tunawatumia kwa basi sukari, sabuni, na siku hizi kopo la vidonge vya kalsiamu, tukiamini kwamba tumetimiza wajibu. Mimi nasema bado.

Chukua mfano wa Ntobeye, wilayani Ngara, mkoani Kagera. Ngara ni nchi ya vilima. Mwanamke wa huko hushuka bondeni kuteka maji, hupanda na ndoo kichwani, hubeba mkungu wa ndizi, hulima maharage kwenye mteremko. Ukimtazama utadhani mifupa yake ni chuma, na ni kweli kwamba kazi ya namna hiyo huimarisha mifupa. Lakini tuseme mama huyo ana miaka 65. Siku ya mvua anateleza, anajikinga kwa kiganja, na mkono unavunjika karibu na kifundo. Anapelekwa hospitali na kufungwa plasta. Baada ya wiki sita plasta inafunguliwa, na jamaa wote wanamshukuru Mungu kwamba yamekwisha.

Hayajakwisha. Mtu akianguka kutoka pale alipokuwa amesimama, mfupa wenye afya kwa kawaida hustahimili. Ukivunjika, umetoa onyo kwa niaba ya mifupa mingine yote.

Mfupa si jiwe. Una uhai, na kila siku sehemu yake kuukuu hubomolewa na mpya hujengwa. Homoni ya estrojeni ndiyo inayowazuia wabomoaji wasiwazidi wajenzi. Hedhi inapokoma, kwa kawaida kati ya miaka 45 na 55, homoni hiyo hupungua sana na wabomoaji hushinda. Mfupa hufanana na boriti iliyoliwa na mchwa: nje nzima, ndani tupu. Maradhi haya huitwa osteoporosisi, na hayaumi mpaka siku ya kuvunjika. Mara nyingi huanza mkono. Pingili za mgongo nazo hubonyea, mama akawa mfupi na kupinda, nasi tukasema ni uzee. Mwisho ni nyonga, na hapo ndipo penye msiba. Bila upasuaji mama hulala kitandani miezi, akapata vidonda na nimonia, na wengi hawainuki tena.

Wako watakaosema haya ni maradhi ya Wazungu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 juu ya wanawake wazee wa vijijini nchini Gambia ulikuta mifupa yao ina madini machache, lakini waliovunjika walikuwa wachache. Sibishi. Ila uchache si kutokuwapo, na yule aliyekwisha kuvunjika hafarijiwi na takwimu za wenzake.

Basi, dawa zipo. Alendronati iliidhinishwa Marekani mwaka 1995 kwa maradhi haya. Mwaka uliofuata yalitangazwa matokeo ya wanawake 2,027 ambao pingili zao zilikwisha kuvunjika: kwa waliomeza dawa hiyo takriban miaka mitatu, kuvunjika nyonga kulipungua kwa karibu nusu. Siku hizi humezwa kidonge kimoja cha miligramu 70 kwa wiki, lakini kina masharti. Kimezwe asubuhi kabla ya kula chochote, kwa glasi nzima ya maji matupu, si chai wala maziwa. Kisha mama akae wima au asimame nusu saa bila kula. Akirudi kulala, kidonge kinaweza kumchoma umio.

Ya pili ni asidi ya zoledroniki, ambayo hutolewa kwa dripu mara moja tu kwa mwaka. Utafiti wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba katika miaka mitatu ilipunguza kuvunjika nyonga kwa asilimia 41. Kwa mama anayekaa mbali na hospitali, naona hii ina faida kubwa: safari moja, mwaka mzima. Ajue tu kwamba siku mbili tatu za kwanza huweza kuja homa na maumivu ya mwili. Kwa kuwa Kagera kuna malaria, asikisie; apimwe. Kabla ya dawa zote mbili daktari aulize habari za figo na meno, na baada ya miaka michache apime kama kuna haja ya kuendelea.

Homoni nazo zilitumika sana zamani. Mwaka 2002 utafiti wa Marekani uliohusisha wanawake zaidi ya 16,000 ulisimamishwa kabla ya wakati. Mchanganyiko wa homoni ulilinda nyonga, lakini uliongeza saratani ya matiti, kiharusi na kuganda kwa damu. Kwa hiyo hazianzishwi kwa bibi wa miaka 65 kwa ajili ya mifupa tu.

Na lile kopo la kalsiamu? Kalsiamu ni tofali, na tofali halijijengi lenyewe. Mama anaihitaji, na dagaa, maziwa na mboga za majani vinampa sehemu yake, lakini haiwezi kushika nafasi ya dawa kwa mtu aliyekwisha kuvunjika. Tena angalia vidonge vya prednisoloni, ambavyo wengine hununua dukani kwa maumivu ya viungo. Vikitumiwa muda mrefu hula mifupa.

Usiogope kwamba mashine ya kupimia mifupa iko mbali. Nyonga au pingili iliyovunjika kwa kuanguka tu yatosha daktari kuanzisha dawa. Kwa mkono, ipo hesabu iitwayo FRAX, iliyotolewa mwaka 2008 na Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, inayoweza kufanywa hata bila mashine hiyo.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, kabla ya kufunga kifurushi kingine, muulize mama maswali matatu. Umewahi kuvunjika kwa kuanguka tu? Umepungua urefu? Unameza dawa gani za maumivu? Majibu yake yapeleke kwa daktari, iwe Murgwanza pale Ngara au Bugando kule Mwanza, na nauli ya safari hiyo itoke mfukoni mwako. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa nyonga ni ghali mno.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.