Umbo Husafiri, Maarifa Husalia Nyuma

Mtu atazamaye pampu ya kisima, au injini ya gari, au mashine ya kusaga nafaka, aghalabu hadhani kwamba kila kipande cha chuma kilichomo kilipita, kabla ya kuguswa na chombo cha kukatia, katika mikono ya wataalamu wawili ambao huenda hawajapata kuonana maishani mwao: wa kwanza ni msanifu, ambaye huuchora mtambo mzima katika kompyuta kwa programu za jamii ya CAD, na wa pili ni mpangaji wa uchongaji, ambaye huuchukua mchoro ule akautia katika programu za jamii ya CAM, akaamua ni ncha gani ipite wapi, kwa kasi gani na kwa kina gani, hata akapata zile amri ambazo mashine ya CNC huzifuata hatua kwa hatua. Kinachowaunganisha wawili hawa ni faili tu. Ninayotaka kuwaeleza wasomaji ni mintarafu ya mambo yapoteayo pale faili hilo linapotoka kwa huyu kwenda kwa yule, kwa sababu hasara zake ni kubwa kuliko watu wadhanivyo, na nyingi katika hizo zaepukika.

Ajabu ni kwamba ukataji wa chuma kwa hesabu ulitangulia uchoraji wa kompyuta. Mwaka 1952 wataalamu wa chuo cha MIT, huko Marekani, walionyesha hadharani mashine ya kuchonga iliyoongozwa na utepe wenye matundu, kufuatia fikra za John T. Parsons, aliyekuwa mtengenezaji wa mapanga ya helikopta. Ilhali Sketchpad ya Ivan Sutherland, programu iliyomwezesha mtu kuchora moja kwa moja juu ya kioo cha kompyuta kwa kalamu ya nuru, haikutokea katika chuo hicho hicho ila mwaka 1963. Basi fani hizi mbili zilikua kila moja kwa malezi yake, na kampuni zilipoanza kuuza programu, kila moja ilijitungia namna yake ya kuhifadhi michoro, wala haikuwa na haja ya kuifichulia jirani.

Ili kufahamu kinachopotea, yatupasa kwanza kujua kilichomo. Mchoro wa CAD wa siku hizi una mambo mawili ndani yake. La kwanza ni umbo lenyewe, yaani nyuso na kingo na pembe, zilizoandikwa kwa hesabu kamili. La pili ni tarikhi ya umbo hilo: kwamba msanifu alianza na bamba la unene fulani, akalitoboa, akaviringa kona zake kwa nusu kipenyo cha milimita 3, kisha akalikariri tundu lile mara sita kuzunguka duara. Tangu programu ya Pro/ENGINEER ilipotoka mwaka 1988 na kuieneza njia hii, tarikhi ndiyo imekuwa roho ya mchoro, kwani ukibadili kipimo kimoja, yote yaliyojengwa juu yake hujirekebisha. Lakini tarikhi huandikwa kwa lugha ya ndani ya programu iliyoizaa, na ikivushwa kwenda kwingine kwa kawaida husalia umbo tupu. Na yule aipokeaye huwa kama mtu aliyeuziwa jahazi lililokwisha kushushwa majini, ambaye aweza kulipima kila upande, asijue mataruma yake yalipangwa kwa taratibu gani wala ni ubao upi uwezao kung'olewa bila ya kuliharibu.

Hata hivyo, kwa mtu wa kukata chuma, kupotea kwa tarikhi si msiba mkubwa, maana programu nyingi za CAM zina uwezo wa kulichunguza umbo na kutambua kwamba hapa pana tundu, pale pana mfereji, na kule pana shimo la pembe nne. Msiba upo katika yale ambayo hayakuwa umbo tangu mwanzo.

Chukua mathalan hesi. Wasanifu wengi hawaichori hesi kwa ukamilifu wake, kwa kuwa mizunguko yake huilemea kompyuta bila ya faida. Hulichora tundu likiwa laini, kisha wakalitia alama ya kwamba humo mna hesi. Tundu la bolti ya M6, ambayo hatua ya hesi yake ni milimita 1, huchorwa kwa kipenyo cha milimita 5, ambacho ndicho kipenyo cha kutoboa kabla ya kuingiza tepu. Faili linapovuka, alama huanguka njiani. Mpangaji huona tundu laini la milimita 5 na huamuru litobolewe vivyo hivyo; mashine hutii, kipande hutoka kizuri kinang'aa, na kosa halijulikani mpaka siku fundi wa kuunganisha anaposhika bolti mkononi ikawa haiingii.

Au chukua shafti na tundu lake, vyote vya kipenyo cha milimita 20. Katika kompyuta vyote viwili huchorwa 20 kamili, lakini msanifu ameandika kando ya tundu H7, maana yake laweza kuzidi hadi milimita 0.021 wala lisipungue, na kando ya shafti f7, maana yake lazima ipungue, si chini ya milimita 0.020 wala si zaidi ya 0.041. Katika upungufu huo mdogo ndimo inamokaa ile filamu ya mafuta iwezeshayo shafti kuzunguka kwa wepesi. Maandishi hayo yakipotea, na mpangaji akalifuata umbo kwa uaminifu wote, atakata 20 kwa 20, na shafti itagoma. Naona ni muhimu kusema hapa kwamba mpangaji huyo hakufanya uzembe wowote. Alikata kile hasa alicholetewa.

Hayo ni ya kipande kimoja. Mkusanyiko wa vipande vingi una mitihani yake mingine. Katika programu nyingi faili la mkusanyiko halivibebi vipande, bali hubeba anwani zake tu, kwamba bamba liko katika folda fulani na beringi iko katika folda nyingine; na mtu alitumaye peke yake, akasahau mafaili ya vipande, humfikishia mwenzake mifupa isiyo na nyama. Hili angalau huonekana mara moja. Lisiloonekana ni lile la matundu ya mkusanyiko. Tuseme msanifu anayetumia SolidWorks ana mabamba mawili ambayo yatashikwa pamoja kwa pini, naye, baada ya kuyaweka moja juu ya jingine, akatoboa tundu moja lipitalo katika yote mawili. Tundu hilo ni mali ya mkusanyiko. Halimo katika faili la bamba la juu wala la bamba la chini, isipokuwa kama msanifu ameamuru kwa makusudi lishuke hadi katika vipande. Mpangaji akifungua faili la bamba la juu ili alikate, ataona bamba lisilo na tundu, na hapatakuwa na onyo lolote, kwa kuwa kwa mujibu wa programu hapana kilichopotea.

Hapa nina rai, na naamini mafundi wengi wataniunga mkono. Tundu la mkusanyiko lina maana yake halali katika karakana: lasema kwamba mabamba yafungwe kwanza, kisha yatobolewe pamoja, kama ifanywavyo kwa pini za kuongozea. Basi msanifu na alitumie kwa maana hiyo tu, na tundu lolote litakalokatwa wakati kipande kingali peke yake, alichore ndani ya faili la kipande hicho, hata kama ni kazi zaidi. Akifanya hivyo, mchoro utakuwa umesema kweli juu ya utaratibu wa kazi, si juu ya umbo la mwisho tu.

Asidhani msomaji kwamba haya ni matatizo ya karakana ndogo. Ndege ya Airbus A380, iliyo na nyaya zipatazo kilomita 530, ilichelewa kwa muda mrefu kwa sababu mafungu ya nyaya yaliyotayarishwa Hamburg, Ujerumani, yalipofika Toulouse, Ufaransa, na kuanza kutandazwa ndani ya ndege, mengine yalionekana ni mafupi, hayafiki yalikokusudiwa. Na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kwamba wasanifu wa Hamburg walikuwa wakitumia toleo la nne la programu ya CATIA, ilhali wenzao wa Toulouse walikwisha kuhamia toleo la tano. Ndege ya kwanza ilikabidhiwa Singapore Airlines mwezi wa Oktoba 2007, na hasara ilihesabiwa kwa mabilioni ya yuro. Zilikuwa programu za jina moja, na za kampuni moja, sembuse zile za kampuni mbalimbali! Hata kabla ya hapo, mwaka 1999, uchunguzi uliofanywa kwa ajili ya taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ulikadiria kwamba viwanda vya magari vya nchi hiyo hupoteza si chini ya dola bilioni 1 kila mwaka kwa ajili ya taabu hii ya mafaili yasiyofahamiana.

Dawa zimetafutwa zamani, nazo ni namna za faili zinazoweza kusomwa na programu mbalimbali. IGES, iliyochapishwa Marekani mwaka 1980, iliweza kupeleka nyuso, lakini aghalabu zilifika zimeachana kwa upenyo mdogo mno, hata programu ikashindwa kuamua ndani ni wapi na nje ni wapi. STL, iliyozaliwa mwaka 1987 kwa ajili ya uchapishaji wa vitu, huligeuza kila umbo kuwa pembetatu, wala haisemi kama vipimo vyake ni vya milimita au vya inchi. Tundu letu la milimita 20 likigawanywa pande 36, katikati ya kila upande huingia ndani kwa milimita 0.038, karibu maradufu ya yote yaliyoruhusiwa na H7. Kwa kipande cha kukatwa kwa usahihi, nasema bila ya kusita: STL isitumike. Iliyo bora ni STEP, yaani ISO 10303, ambayo kazi yake ilianza mwaka 1984 na sehemu zake za kwanza kuchapishwa mwaka 1994. Huhifadhi umbo kamili na mpango wa mkusanyiko, kipande gani kiko chini ya kipi na kwa jina gani. Na tawi lake la AP242, lililotoka mwaka 2014, laweza kubeba hata zile H7 na f7 kwa namna ambayo kompyuta huzisoma, ilimradi programu za pande zote mbili zinalijua tawi hilo. Na pale ambapo CAD na CAM zimejengwa juu ya kiini kimoja cha hesabu, kama Parasolid ambayo asili yake ni Cambridge na sasa ni mali ya Siemens, yafaa kutuma faili la kiini hicho, kwa kuwa umbo halihitaji kutafsiriwa hata kidogo.

Ila faili liwe bora vipi, lisiaminiwe kabla ya kupimwa. Mtumaji na aandike ujazo wa kila kipande kama uonekanavyo kwake, na mpokeaji aulinganishe na uonekanao kwake. Tundu lililotoweka hudhihirika papo hapo, maana ujazo utakuwa umezidi. Na mchoro wa karatasi, wenye hesi zote na vipimo vyote vya kuruhusu, uandamane na faili daima, hata pale AP242 inapotumika.

Nawasihi walimu wa vyuo vyetu vya ufundi walichukue jambo hili kuwa somo kamili. Gharama haiwezi kuwa udhuru, kwani FreeCAD hupatikana bure, husoma na kuandika STEP, na ina sehemu yake ya CAM. Wagawe wanafunzi makundi mawili, kundi moja lichore mkusanyiko wenye hesi, shafti na pini, kundi la pili lipokee faili bila ya kuongea na wenzao, likate, kisha wote wakutane mezani kuviunganisha vipande hivyo.