Utangulizi: Mageuko na Mageuzi

Elimu ya mageuko huingilika popote: apendaye mifupa aanzie Olduvai, apendaye hesabu atakuta kazi tele kwenye jeni. Mimi nitaanzia kwenye jina lenyewe, maana ndiko wanafunzi wengi wanakojikwaa.

Lugha nyingi za Ulaya zimelitoa jina la fani hii katika neno la Kilatini, evolutio. Kitabu cha Mrumi kilikuwa gombo la mafunjo, na msomaji alilikunjua kwa mkono mmoja huku akilikunja kwa mwingine. Huko kukunjua ndiko evolutio; mwandishi Mrumi Cicero alilitumia kwa maana ya kuwasoma washairi. Sasa angalia: gombo limekwisha andikwa lote kabla msomaji hajaligusa. Wanazuoni wa karne ya 18, akiwemo Mswisi Albrecht von Haller, walilihamishia neno hilo kwenye elimu ya viumbe pamoja na maana hiyo. Waliamini kwamba kiumbe kimekwisha umbika tangu mwanzo, kidogo mno, na kukua kwake ni kukunjuka tu.

Haishangazi basi kwamba Charles Darwin, alipotoa kitabu chake juu ya asili ya spishi mwaka 1859, hakulitumia neno hilo. Alizungumzia nasaba inayorithishwa pamoja na mabadiliko. Kitenzi cha neno hilo tu ndicho kilichojitokeza, tena kama neno la mwisho kabisa la kitabu. Aliyelieneza ni mwanafalsafa Herbert Spencer, aliyeona maendeleo kila mahali, na katika toleo la 1872 Darwin naye akalikubali. Ile picha maarufu ya nyani anayenyanyuka hatua kwa hatua mpaka akawa mtu ina damu ya Spencer zaidi kuliko ya Darwin.

Kiswahili kina maneno mawili, nayo hayalingani. Mageuzi yametoka kwenye geuza, kwa hiyo yana mgeuzaji. Waliodai vyama vingi miaka ya 1990 walidai mageuzi, na nchini Tanzania neno hilo limo katika jina la chama cha NCCR-Mageuzi. Mageuko yametoka kwenye geuka: jambo linatokea pasipo mtu kulishika. Waandishi wengi huyachanganya. Mimi nashikilia mageuko, kwa sababu kiini cha hoja ya Darwin ni kwamba mabadiliko haya hayahitaji fundi.

Hata hivyo geuka nalo lina kasoro yake. Katika hadithi zetu mtu hugeuka nyoka kufumba na kufumbua, na anayegeuka ni yeye mwenyewe. Katika mageuko hakuna mnyama anayegeuka. Watazame furu wa Ziwa Viktoria, wale samaki wadogo ambao wavuvi wa Mwanza wanawajua vizuri. Furu ana taya la pili kooni. Kwa furu anayekula konokono, taya hilo ni nene na lina meno butu ya kuvunjia magamba. Kwa anayekula vijidudu vinavyoelea majini, ni jembamba na meno yake ni membamba vilevile. Hakuna furu aliyelala na koo jembamba akaamka na nene. Penye konokono wengi, waliozaliwa na taya nene kidogo kuliko wenzao walishiba zaidi na kuacha watoto zaidi, na watoto wakarithi taya hilo. Kizazi baada ya kizazi, kundi zima likawa jingine. Wanajiolojia wengi wanakubali kwamba ziwa lilikauka kiasi cha miaka 15,000 iliyopita, na tangu lijae tena limehesabiwa kuwa na spishi za furu mia kadhaa. Kwa fani iliyozoea kuhesabu mamilioni ya miaka, hiyo ni kasi ya ajabu, na mabishano juu ya sababu zake hayajaisha.

Sura ya kwanza inaanza na taya hilo. Ukiwa karibu na ziwa, nunua furu wawili watatu, uwafungue koo kabla hujaendelea kusoma.