Ushauri wa Taaluma kwa Vijana Weusi wa Marekani: Kutoka kwa Claytor hadi Meyerhoff

Ushauri wa taaluma, yaani kazi ya kumsaidia mwanafunzi kuchagua masomo na kuyaunganisha na kazi atakayoifanya baadaye, una historia ya pekee miongoni mwa Wamarekani weusi, kwa sababu kwa muda mrefu mshauri alilazimika kumwandaa kijana kwa nafasi ambazo sheria na desturi za nchi zilimzuia kuzishika. Mabishano ya mwanzoni mwa karne ya 20 kati ya Booker T. Washington, aliyeongoza chuo cha Tuskegee huko Alabama tangu 1881 na kusisitiza ufundi na kilimo, na W. E. B. Du Bois, aliyetaka vijana wenye vipaji wapewe elimu ya juu kamili ili wawaongoze wenzao, yalihusu swali hilohilo: kijana aandaliwe kwa kazi zilizopo, au kwa zile ambazo bado amefungiwa?

Jibu la maana zaidi lilitoka darasani. Katika miaka ya 1930, W. W. Schieffelin Claytor, mmoja wa Wamarekani weusi wa kwanza kupata shahada ya uzamivu katika hisabati, alimweleza mwanafunzi wake wa chuo cha West Virginia State, Katherine Coleman, kwamba angefaa kuwa mtafiti wa hisabati. Hakuishia kwenye sifa hiyo, kwani alihakikisha binti huyo anasoma kila somo ambalo mtafiti angelihitaji, na palipokosekana somo la jiometri changanuzi, tawi linaloeleza kwa milinganyo mahali na maumbo ya vitu katika nafasi, akalianzisha kwa ajili yake. Binti alipouliza kazi yenyewe ingepatikana wapi, mwalimu alimjibu kwamba kuitafuta lingekuwa jukumu la binti mwenyewe. Coleman alihitimu mwaka 1937 akiwa na umri wa miaka 18, akafundisha shule na kulea watoto, na ni mwaka 1953 tu alipoajiriwa katika maabara ya Langley, Virginia, ambayo baadaye ikawa sehemu ya NASA, shirika la anga la Marekani. Huko, akijulikana kwa jina la Katherine Johnson, ndiye aliyehakiki kwa mkono hesabu za safari ya mwanaanga John Glenn kuizunguka dunia mwaka 1962. Miaka kumi na sita ilipita kati ya shahada na kazi hiyo, na mshauri anayepimwa kwa ajira za mwaka unaofuata pekee angehesabiwa kuwa ameshindwa.

Vizuizi vya kisheria vilipoondoka, tatizo lilihamia ndani ya vyuo. Uri Treisman, mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aligundua katika miaka ya 1970 kwamba wanafunzi weusi waliokuwa wakishindwa kalkulasi, yaani hisabati ya mabadiliko ambayo ndiyo mlango wa uhandisi na fizikia, hawakuwa wavivu wala hawakukosa malezi. Walikuwa wakisoma peke yao, ilhali wenzao wenye asili ya Kichina walikutana, wakakosoana na kujua mapema nani amekwama wapi. Kwa wanafunzi wa namna hiyo hotuba za kutia moyo zilikuwa na faida ndogo.

Mpango wa Meyerhoff, ulioanzishwa mwaka 1988 katika Chuo Kikuu cha Maryland, Baltimore County, na mwanahisabati Freeman Hrabowski kwa ufadhili wa Robert Meyerhoff, uliufanya ushauri kuwa utaratibu wa kila siku. Kundi la kwanza lilikuwa la vijana weusi wa kiume 19, na wasichana wakafuata mwaka 1990. Kiangazi kabla ya mwaka wa kwanza, wanafunzi huishi pamoja na kuzoezwa kusoma kwa vikundi, wazazi hushirikishwa, maabara hufunguliwa mapema, na anayepata alama ya C, ambayo kwingine huhesabiwa kuwa ya kutosha, hushauriwa kulirudia somo la msingi, kwa kuwa linalofuata hujengwa juu yake. Lengo hutajwa tangu siku ya kwanza: shahada ya uzamivu. Miongoni mwa waliopitia humo ni Kizzmekia Corbett, aliyehitimu mwaka 2008 na kuwa mmoja wa wanasayansi waliobuni chanjo ya Moderna dhidi ya UVIKO-19, na Jerome Adams, daktari mkuu wa serikali ya Marekani kuanzia 2017 hadi 2021.

Mwaka 1996, baada ya mahakama kubatilisha ufadhili wa Maryland uliotengwa kwa weusi peke yao, mpango huo ulifunguliwa kwa wanafunzi wa rangi zote. Vyuo vikuu vya Pennsylvania State na North Carolina, Chapel Hill, vilipouiga mwaka 2013 vilichukua kiangazi, vikundi na maabara vilevile, ingawa jambo gumu zaidi kuliiga, pengine, ni mhadhiri wa kemia anayekubali kwamba kufeli kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ni sehemu ya kazi yake.