Flashi inaingia lakini haisomi: tatizo liko wapi?

Wadau, kuna swali linaulizwa kila siku kwenye steshenari za hapa Mwanza: "Mbona flashi yangu kule ilifunguka, hapa haifunguki?" Jibu la haraka huwa ni kwamba flashi imekufa au ni feki. Mara nyingi sio kweli, na jibu hilo linawafanya watu wapoteze kazi zao bure. Naomba nieleze.

Zamani tatizo lilionekana kwa macho. Mwaka 1995 Iomega walikuwa wanauza diski ya Zip ya MB 100, SyQuest nao wakaja na EZ135 ya MB 135. Diski ya huyu haiingii kwenye mashine ya yule, basi. SyQuest walipofilisika mwaka 1998, wateja wao wakabaki na diski zao mkononi. Ikaja USB, tundu moja kwa wote, tukadhani yameisha. Kumbe yamehamia ndani.

Ndani ya kila flashi kuna mpangilio, kama daftari la mwenye duka linaloonyesha mzigo upi uko rafu ipi. Madaftari haya yana miandiko tofauti:

FAT32: inasomwa karibu kila mahali, iwe runinga, deki au redio ya gari. Ubaya wake, haipokei faili moja linalofika GB 4.

NTFS: ni ya Windows. Mac inaisoma, ila yenyewe haiwezi kuandika humo.

exFAT: Microsoft waliileta mwaka 2006. Inapokea mafaili makubwa, Windows na Mac zote zinaielewa, lakini runinga nyingi za zamani haziijui.

Mpangilio wa Mac: Windows peke yake haiusomi kabisa.

Sasa chukua mtu wa Ukerewe aliyefuata video ya harusi studio hapa mjini. Faili lina GB 6, kwa hiyo kijana wa studio kaliweka kwenye exFAT, na kwenye kompyuta linacheza safi. Jamaa anapanda meli mpaka Nansio, anachomeka kwenye runinga mbele ya ukoo mzima, kimya! Flashi nzima, runinga nzima, ila haziongei lugha moja. Kurudi Mwanza ni nauli nyingine. Kwa hiyo kabla hujalipa, mwambie aikate video vipande vya chini ya GB 4, aviweke kwenye FAT32, na muijaribu kwenye runinga palepale.

Hatari kubwa ni hii. Ukichomeka diski ya Mac kwenye Windows, kinatokea kiboksi kinasema lazima uifomati ndipo uitumie. USIKUBALI! Kompyuta haijui kusoma mwandiko ule, haina maana kwamba diski ni mbovu. Ukibonyeza ndiyo, daftari linafutwa. Mwanafunzi wa SAUT pale Malimbe anaweza kupoteza tasnifu ya mwaka mzima kwa kubonyeza mara moja tu. Bonyeza hapana, kaitafute Mac, hamisha kazi yako kwanza. Na kama umeshafomati, usiandike kitu kingine humo, mpelekee fundi ikiwa hivyohivyo. Mara nyingi kuna kinachookolewa.

Mwisho, kazi ya maana iwe na nakala mbili, kwenye vyombo viwili tofauti. Mafundi mlioko Makoroboi na kwingineko, ongezeeni hapo chini.

Naomba kuwasilisha.