Itibari ya Wenye Hisa na Habari za Mtandaoni

Katika mji wa Chicago ipo jumuiya ya watu wanaowekeza mali zao wenyewe, ambayo tangu mwaka 1987 huwauliza wanachama wake kila juma suali moja: je, katika miezi sita ijayo bei za hisa za Marekani zitapanda, zitashuka, au zitabaki zilipo? Majibu yao hunukuliwa sana katika habari za fedha kuwa kipimo cha itibari ya wenye hisa, nacho ni kipimo chema maadamu msomaji anajua kinapima nini. Januari 2000, watu 75 katika kila 100 walijibu kwamba bei zitapanda. Machi ya mwaka ule ule soko likafika kileleni, kisha likaporomoka kwa muda wa miaka miwili na nusu. Tarehe 5 Machi 2009, mabenki yakiwa yameanguka na watu wengi wamepoteza nyumba na kazi, zaidi ya 70 katika 100 walisema zitashuka; siku nne baadaye fahirisi ya bei za hisa iitwayo S&P 500 ikafunga kwa pointi 676, nayo haijarudi chini ya hapo hadi leo.

Waliojibu hivyo hawakuwa wajinga. Mwanadamu huyapima ya kesho kwa yaliyomfika jana, na bei zikisha kupanda miaka kadhaa mfululizo, na jamaa zake wote wakawa wananunua, huona yakini pale palipo na dhana tu. Tena aliyejawa na matumaini aghalabu amekwisha kununua, hana fedha nyingine ya kuipandisha bei. Na aliyejawa na khofu amekwisha kuuza.

Juu ya tabia hiyo kongwe zimekuja video za habari za fedha, zenye uso uliokodoa macho, mshale mwekundu unaoelekea chini, na maneno makubwa ya kutangaza kiama cha soko. YouTube humpa mwenye video ndefu asilimia 55 ya mapato ya matangazo, na tangu 2020 video itimizayo dakika 8 huruhusiwa kutiwa tangazo katikati. Ndiyo maana jambo la dakika mbili huzungushwa hadi ya tisa, na jibu lililoahidiwa mwanzoni likawekwa mwisho kabisa. Mwenye video huyo halipwi kwa kusema kweli wala hatozwi kwa kukosea. Hulipwa kwa muda anaotazamwa, na khofu huwakalisha watu kitako kuliko hesabu.

Ndipo ninapomsihi mwenye akiba yake asiuze hisa wala asinunue kwa sababu ya video, kabla hajasoma taarifa ambazo kila kampuni ya Kimarekani iliyomo sokoni hulazimika kuzipeleka serikalini kila baada ya miezi mitatu, na ambazo zimewekwa mtandaoni bila malipo. Humo mna mauzo, madeni na faida. Na tangu sheria ya 2002, mkuu wa kampuni huzithibitisha kwa saini yake mwenyewe, akijua kwamba akithibitisha uwongo kwa makusudi aweza kufungwa jela.